Barua ya LC1 elfu 10: hii pesa ni ya nani?

#1 fundi_redio (Busia)
Wana jukwaa salaam. Juzi kijana wangu alitakiwa apeleke barua ya LC1, yaani baraza la kijiji hapa Uganda, kwa ajili ya kitambulisho cha taifa, ile ndaga muntu, tukaenda wote kwa mwenyekiti saa moja asubuhi kabla hajatoka kwenda shamba. Mwenyekiti mtu mzuri, katukaribisha chai, kaulizia mama, kaulizia redio yake niliyomtengenezea mwaka jana (hajamaliza kulipa ila hiyo si mada). Halafu akatutuma kwa katibu, maana ndiye anaandika. Katibu akaandika mistari minne kwenye karatasi iliyokatwa nusu, akafungua mkoba, akatoa muhuri, akaupulizia pumzi haaa kama mtu anayesafisha miwani, akagonga. Elfu 10. Nikauliza risiti. Alicheka mpaka akashika mlango.

Mimi najua barua ya LC ni bure, wakubwa nimewasikia redioni si mara moja. Nimelipa kwa sababu kijana alikuwa na haraka. Lakini nauliza, nani aliamua elfu 10? Inaenda wapi? Na kwa nini jirani yangu kalipa elfu 5 siku hiyohiyo, barua ileile?

#2 bweyale_boy
Elfu 10 na chai juu? Rudi ukashukuru. Huku kwetu ni 20 na ukisema ni ya kumdhamini mtu mahakamani inapanda kama bei ya mafuta.

#3 mama_mandazi (Jinja)
Mimi nilikuwa mweka hazina wa kijiji chetu miaka minne kwa hiyo msinirukie kabla sijamaliza. Fundi, hiyo pesa haina mwenyewe, na hapo ndipo penye shida. Serikali inampa mwenyekiti elfu 10 kwa mwezi, na haiji kwa mwezi, inakuja kwa mkupuo, laki moja na elfu 20 kwa mwaka, na ikichelewa imechelewa kweli. Sasa karatasi ananunua nani? Wino? Kitabu cha mikutano? Muhuri wenyewe ulipokatika mpira tulichanga. Tukakaa mkutano wa kijiji chini ya mwembe, ikaandikwa kitabuni, barua ya kawaida elfu 3, ya mtu aliyehamia juzi elfu 5, watu wakanyoosha mikono. Kwa hiyo kwetu bei ilipangwa na wanakijiji wenyewe. Baadaye kitabu kikapotea, na bei ikaendelea kukua bila kitabu.

#4 wakili_wa_kahawa (Kampala)
Mmoja anasema bure, mwingine anasema mkutano uliamua. Mimi naomba kifungu. Kifungu cha sheria kinachosema bure, au kinachosema elfu 10. Mwenye nacho aweke hapa.

#5 bweyale_boy
Wakili mwenyewe ni wa kahawa, kifungu kitatoka wapi

#6 kiboko_ya_mto (Kasese)
Nyongeza kwa mama mandazi #3. Hiyo elfu 10 ni ya mwenyekiti peke yake. Kamati ni watu kumi. Makamu, katibu, habari, ulinzi, fedha, uzalishaji na mazingira, halafu wanawake, vijana na walemavu. Hao tisa hawaoni kitu, na ndio unawapigia simu ng'ombe akiingia kwenye mahindi. Kwetu difensi, yaani katibu wa ulinzi, ana filimbi moja na tochi ya kwake mwenyewe, betri ananunua kwa mkewe anayeuza duka, tena kwa mkopo.

#7 mama_mandazi
Asante kiboko, ni kweli. Mimi mweka hazina nilikuwa naweka hazina gani sasa.

#8 babu_wa_bombo
Wajukuu zangu, nilikuwa katibu wa RC1, jina la zamani la LC1, tangu 1987, wengi wenu hamjazaliwa, ngoja niseme maana naona mnazunguka mbuyu. Zamani barua ilikuwa na uzito. Tulikuwa tumetoka kwenye panda gari, ile misako ya askari ya kupakia watu kwenye malori, mtu anakamatwa njiani kwa sababu hakuna anayemjua, kwa hiyo RC ilipokuja na karatasi inayosema huyu tunamjua, anakaa kwetu, anakwenda Kampala kumzika shangazi yake, ile karatasi ilikuwa uhai wako kwenye roadbloko. Nani angeuza uhai wa jirani? Hatukuuza.

Halafu kijiji kilikuwa na pesa yake. Kodi ya kichwa, ile musolo, ilikuwa inakusanywa gombololani, ngazi ya juu ya muluka na vijiji, na katika ile sehemu iliyobaki gombolola, robo yake, asilimia 25, ilitakiwa irudi kwenye vijiji. Haikurudi yote, sitadanganya, lakini ilirudi ya kununua karatasi, na siku moja ilinunua bati la kisima. Kodi ilipoondolewa 2001 kijiji kikabaki na muhuri tu. Ukimwachia mtu muhuri bila pesa atafanya nini? Atauza muhuri. Hiyo ndiyo historia yote ya elfu 10.

#9 kiboko_ya_mto
Shikamoo babu. Ila kodi ya kichwa ilisimamishwa 2005. 2001 ulikuwa mwaka wa uchaguzi, labda umechanganya.

#10 babu_wa_bombo
Marahaba. 2005, sawa. Umri. Hoja inabaki palepale.

#11 nakaweesi_w (Wakiso)
Hoja haibaki palepale jajja, naomba nikupinge kwa heshima. Kama shida ingekuwa karatasi na wino basi bei ingekuwa ya karatasi na wino. Mimi mwaka juzi nimenunua kiwanja cha futi 50 kwa 100, ssentebe, yaani mwenyekiti, akasema kamati lazima ishuhudie. Sawa, ni vizuri washuhudie. Siku ya kusaini wakaja wote, hata wa mazingira ambaye sijawahi kumuona akiokota kaveera, mfuko wa plastiki, na wakataka asilimia kumi ya bei. ASILIMIA KUMI. Muuzaji akaniambia nyabo lipa tu, usipolipa siku mtu akija kudai kibanja hiki, yaani hiki kiwanja, ni cha babu yake, hao hao ndio mashahidi wako. Tukapatana wakakubali tatu. Sasa niambieni karatasi gani ya milioni moja na laki mbili?

Mimi nasema ni biashara tu, mambo ya kodi ya kichwa ni kutafutia watu udhuru.

#12 wakili_wa_kahawa
Hiyo ya asilimia kumi hata serikali imeikana hadharani, haina msingi. Na kwa faida ya wengine, mgogoro wa ardhi hauanzii LC1. Sheria ya ardhi ilivyorekebishwa 2004 inaanzia LC2, kule muluka, ngazi inayofuata juu ya kijiji. LC1 akikaa kusikiliza kesi yako ya mpaka mkashindana, ukifika mbele hukumu inaweza kutupwa. Nimeona mtu kahangaika miaka kwa sababu alianzia mlango usio wake.

#13 bweyale_boy
Aah wakili kumbe una vifungu ila vya barua ndio huna

#14 afande_koboko
Babu #8 amesema vizuri lakini ameruka mwanzo. Hii mambo ya kijiji kuwa na mkubwa wake wa kuandika nani ameingia nani ametoka haikuanza na RC. 1979 watu wa Tanzania walipokuja kumtoa Amin walituletea mayumba kumi. Nyumba kumi, mtu mmoja, anajua kila mgeni aliyelala. Na mayumba kumi ndio walikuwa wanagawa sukari na sabuni wakati dukani hakuna kitu. Ulitaka sukari unaenda kwake, na huendi mikono mitupu. Kwa hiyo tabia ya kulipa mwenye karatasi ilianza hapo, si 2005. LC ni mayumba kumi imevaa shati mpya.

#15 babu_wa_bombo
Afande, hapana hapana. Mayumba kumi aliwekwa kutoka juu. RC ilichaguliwa, kuanzia msituni Luweero huko vijiji vilichagua kamati zao wakati wa vita. Hivi vitu viwili havifanani hata kidogo. Watu tisa wakati ule, majirani walijipanga mstari nyuma yetu kutuchagua. Sheria yake ni ya 1987, na jina likabadilika kuwa LC na katiba ya 1995. Kuna wazee hapa Bombo mpaka leo wanasema "naenda kwa RC".

#16 afande_koboko
Aliyechagua msituni alikuwa na uhuru wa kukataa? Mimi nauliza tu babu, sitaki ugomvi.

#17 kiswahili_tz (Bukoba)
Mimi ni jirani yenu ng'ambo ya mpaka, napita tu. Sasa hizo nyumba kumi mnatusingizia sisi? 😂 Kwetu balozi wa nyumba kumi ni mambo ya chama tangu enzi za TANU, hagawi muhuri wa kitambulisho. Barua tunachukua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji, na hata huku ukifika utasikia "mchango wa ofisi". Hakuna anayekulazimisha, ila ukikataa muhuri unakuwa umefungiwa kabatini na ufunguo uko Mwanza.

#18 bweyale_boy
"ufunguo uko Mwanza" nimecheka kwa sauti kwenye teksi watu wamegeuka

#19 mkivu_nakivale
Bandugu mimi niko kambini, hatuna LC yetu ila tuna RWC, kamati ya wakimbizi, imepangwa hivyohivyo moja, mbili, tatu. Mwenyekiti wa RWC1 anaandika barua anakupeleka kwa wakubwa wa kambi. Na kuna siku barua yako inahitaji RWC na LC wote wawili, kama umegombana na Mganda wa kijiji jirani juu ya mbuzi. Hapo unalipa mara mbili. Mbuzi wangu alikula mihogo ya mzee mmoja, tulikaa chini ya mti saa tatu mpaka saa tisa, wenyeviti wote wawili, difensi wawili, mkalimani mmoja maana mzee anasema Kinyankole mimi Kiswahili. Nikaamriwa nilipe mihogo. Mihogo ilikuwa elfu 15. Soda na chapati za kamati zilikuwa elfu 22.

Lakini nitasema kweli, yule mzee sasa ni rafiki yangu. Polisi wasingefanya hivyo.

#20 mama_mandazi
Hapo umenena. Watu wanasema LC wala rushwa lakini kesi ngapi zinaishia chini ya mti? Mume na mke, deni la kikoba, mtoto ameiba kuku. Na kesi ya mtoto kwetu alikuwa anaikalia makamu mwenyekiti, maana makamu ndiye katibu wa watoto. Yule mama alikuwa anamwita mtoto pembeni, anampa embe, anamwuliza ulikula nini jana. Nusu ya kesi za kuku ziliishia hapo kwenye embe.

#21 nakaweesi_w
Mama mandazi wewe ulikuwa kamati nzuri. Mimi nilipeleka kesi ya mpangaji aliyekimbia na kodi ya miezi mitatu, walikuja wanaume wanne. Nilisikia mahakama ya LC1 inatakiwa watu watano na wawili wawe wanawake, nikauliza wanawake wako wapi, difensi akanijibu wewe si upo.

#22 bweyale_boy
😂😂😂 wewe si upo

#23 wakili_wa_kahawa
Nyabo uko sahihi kuhusu akidi, ni watano na wanawake wasiopungua wawili. Ungekataa kuanza.

#24 nakaweesi_w
Ningekataa halafu nimsubiri mwenye kodi yangu mpaka lini

#25 ssentebe_mwenyewe
Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa. Mimi ni mwenyekiti LC1, sitasema kijiji gani. Nilichaguliwa tarehe 10 Julai 2018, mstari wangu ulikuwa mrefu mpaka unapinda kwenye kona ya kanisa.

Nawauliza nyie wenye hasira ya elfu 10. Wiki iliyopita, Jumatatu saa nane usiku nimepigiwa simu kuna mwizi wa betri ya sola, nikatoka na difensi tukakuta watu wameshika mawe, nilisimama katikati mimi, si nyie, nikambeba yule kijana mpaka polisi kwa boda, boda nimelipa mimi. Jumanne gombololani kuna kikao cha PDM, mpango wa serikali wa kukopesha wananchi, ile ya milioni 100 kwa kila muluka, kila mtu kijijini anafikiri milioni moja yake nimeificha chini ya godoro. Jumatano msiba, mwenyekiti lazima aseme neno na lazima achange, ukichanga elfu 2 wanasema mwenyekiti gani huyu. Alhamisi wamekuja watu wa afya wanataka orodha ya nyumba zote, nikazunguka nao kwa miguu. Ijumaa binti na mkwe wamepigana. Sensa ya 2024 nani alikuwa anawaongoza makarani kwenye njia za migombani? Wakati wa lokdauni, sisi wa Wakiso tunakumbuka, posho, yaani unga wa mahindi, kilo 6 na maharage kilo 3 kwa kila mtu, nani alitukanwa kwa sababu jina la mtu halikuwepo kwenye orodha? Kila ofisi ya nchi hii ikitaka kitu kwa mwananchi inasema "pitia kwa LC". Benki inasema pitia kwa LC. Hizo ofisi zote watu wake wanalipwa mshahara, isipokuwa aliye mlangoni.

Mimi naomba elfu 5. Mjane na mwanafunzi siwaombi. Na risiti siandiki kwa sababu kitabu cha risiti nacho ni pesa.

#26 fundi_redio
Heshima kwako mwenyekiti. Hapo nimekuelewa kuliko nilivyotaka kukuelewa. Ila hujanijibu kwa nini jirani yangu elfu 5 na mimi 10.

#27 kiboko_ya_mto
Fundi hiyo ni rahisi. 2018 ulisimama mstari wa nani?

#28 fundi_redio
Hiyo inahusiana nini

#29 kiboko_ya_mto
Inahusiana na kila kitu. LC1 hakuna kura ya siri. Mnasimama nyuma ya mtu wenu mchana kweupe, mke anaona mume amesimama wapi, mwenye duka anaona wateja wake wamesimama wapi. Mwenyekiti hahitaji daftari, anakumbuka sura zote. Kwetu kuna mzee alisimama nyuma ya mpinzani, mpaka leo akitaka barua anaambiwa muhuri umekwenda kuwekwa wino. Wino wa miaka mingapi? Kwa hiyo msinipe habari za kodi ya kichwa wala mayumba kumi. Bei ya barua ni mstari uliosimama.

#30 bweyale_boy
Eh banange. Mimi 2018 nilisimama nyuma ya shemeji yangu akapata watu 14, mke wangu hakuwa mmoja wao. Akasimama kule kwa mshindi huku ananitazama hivi. Barua zote nyumbani kwetu anakwenda kuchukua yeye.

#31 ssentebe_mwenyewe
Kiboko huo ni uongo kwa wengi wetu. Mimi sikumbuki nani alisimama wapi.
Kidogo nakumbuka.

#32 kiswahili_tz
"Kidogo nakumbuka" 😂 huyu mwenyekiti ni mkweli nampenda

#33 Msimamizi
Kuna mtu ameweka jina na namba ya simu ya mwenyekiti wa kijiji chake, nimeifuta. Semeni kisa bila jina. Endeleeni.

#34 dada_wa_moroto
Jamani na mimi nina swali ndani ya swali. Hawa waliochaguliwa 2018 muda wao si uliisha? Miaka mitano ni Julai 2023. Sasa barua zenye muhuri baada ya hapo ni halali?

#35 wakili_wa_kahawa
Uliisha ukaongezwa siku 180, zikaisha zikaongezwa tena. Serikali ilisema ni halali. Na kabla ya hapo ilikuwa ndefu zaidi, walichaguliwa 2001 wakakaa mpaka 2018, miaka 17, maana mahakama ya katiba ilisema 2007 kwamba utaratibu wa uchaguzi uliokuwepo ulikuwa wa enzi za movementi, siasa bila vyama, na haufai kwenye vyama vingi, halafu kila mwaka pesa za uchaguzi mpya hazipatikani. Kuna mtoto alizaliwa mwenyekiti yupo, akamaliza shule mwenyekiti ni yuleyule.

#36 dada_wa_moroto
Kwetu si yuleyule, alifariki. Na hapa ndipo kisa changu. Alipofariki makamu alikuwa ameshahamia Kampala kufanya kazi za ndani, katibu amekwenda dhahabuni. Muhuri ukabaki kwa mjane. Watu wakawa wanakwenda kwa mjane. Mwanzo alikuwa anakataa, anasema mimi si mwenyekiti, lakini mtu ana mgonjwa, ana mtoto wa shule, unamkatalia mpaka lini? Akawa anagonga tu bila kusaini. Halafu akaanza kusaini jina la marehemu kwa sababu benki ilirudisha barua isiyo na saini. Miaka miwili tumeandikiwa barua na marehemu, na hakuna ofisi hata moja iliyouliza. Alikuwa haombi pesa. Ukimwachia kilo ya mahindi sawa, usipomwachia sawa.

Siku watu wa gombolola walipogundua walikuja kuchukua muhuri na gari. Siku tatu baadaye barua ikawa elfu 5.

#37 mama_mandazi
Dada nimeisoma hii mara mbili. Mungu amlaze.

#38 babu_wa_bombo
Huyo mjane ndiye RC ya 1987.

#39 afande_koboko
Au ndiye mayumba kumi mzuri 😀 babu usikasirike

#40 nakaweesi_w
Kisa kizuri lakini tuwe makini, mtu mwingine akishika muhuri hivyo anauza kibanja cha yatima. Muhuri uliozagaa ndio ulimnyang'anya mama yangu mkubwa shamba la kahawa. Hakuna aliyevunja mlango wala kushika panga, ilikuwa karatasi yenye muhuri na mashahidi watatu ambao wawili hawajui kusoma.

#41 mkivu_nakivale
Na lugha je? Barua yenu inaandikwa lugha gani? Mimi niliandikiwa kwa Kiswahili na RWC, benki wakasema hawaisomi, wakati yule askari wa mlangoni ndiye aliyenitafsiria.

#42 kiboko_ya_mto
Kwetu hapa karibu na Mpondwe katibu anaandika Kiingereza chake mwenyewe. Barua yangu ilisema mimi ni "mtu mwenye tabia inayojulikana". Haikusema nzuri.

#43 bweyale_boy
Hiyo ilikuwa barua ya elfu 3. Nzuri ni elfu 10

#44 ssentebe_mwenyewe
Nyie watu. Nimemsomea katibu wangu hii amecheka ila amesema atapandisha.

#45 afande_koboko
Tumesahau baiskeli. Serikali iliagiza baiskeli 70,000 za wenyeviti wa LC, karibu na uchaguzi wa 2011, pesa nyingine ikalipwa kabla, baiskeli zile hazikufika. Mwenyekiti wetu wa wakati ule alikuwa ameshajenga kibanda cha kuegesha. Kibanda kipo mpaka leo, wanafuga sungura.

#46 kiswahili_tz
Sungura wa serikali

#47 wakili_wa_kahawa
Narudi kwenye mada. Kifungu bado hakuna aliyekileta, si cha bure si cha kulipa. Mimi nimetafuta jana usiku kwenye sheria ya serikali za mitaa ya 1997, majukumu ya kamati yapo, kulinda amani, kuunganisha watu na serikali na kadhalika. Bei ya barua sijaikuta.

#48 mama_mandazi
Kwa hiyo tunarudi chini ya mwembe, mkutano uamue bei na iandikwe kitabuni.

#49 nakaweesi_w
Mkutano upi mama, kwetu wa mwisho walikuja watu kumi na moja na sita walifikiri wanagawiwa neti.

#50 bweyale_boy
Kwetu mkutano ni bulungi bwansi, ile kazi ya pamoja ya kijiji, unafyeka njia unapiga kelele huku unafyeka, na wenye magari wanapita wanatupungia mkono

#51 fundi_redio
Wakuu narudi na habari. Kijana alipeleka barua jana. Wamemrudisha. Katibu aligonga muhuri bila kuandika tarehe. Nimekwenda leo asubuhi, mwenyekiti yuko msibani mpaka Jumapili, katibu yupo, kaniambia ataandika barua mpya kabisa, safi, yenye tarehe. Nikamwambia asante ndugu yangu. Akasema elfu 10.

#52 kiboko_ya_mto
Mstari fundi. Nilikuuliza ulisimama wapi hukujibu.

#53 fundi_redio
Nilikuwa Kenya siku hiyo, upande wa pili wa Busia, nilikwenda kuchukua spea. Sikusimama popote.

#54 ssentebe_mwenyewe
Hao ndio tunaowakumbuka zaidi.

#55 mama_mandazi
Fundi si alikuwa hajamaliza kulipa ile redio? Mwambie mkate huko huko.

#56 fundi_redio
Redio ni ya mwenyekiti, elfu 10 ni ya katibu. Nimejaribu. Katibu kasema hizo ni ofisi mbili tofauti.